Utabiri wa Bei ni Deni

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, kurasa za biashara hujaa utabiri. Huyu anasema dola itapanda, yule anasema korosho itashuka, mwingine anadai mwaka ujao ni wa hisa za benki. Makala za namna hii huandikwa upesi na husomwa sana. Mwandishi asiye na habari mpya wiki hiyo hukusanya makadirio matatu au manne ya wataalamu, huyapanga vizuri, na ukurasa umejaa. Sisi tunaoandika habari za masoko tunalijua hilo, na hatuna sababu ya kulificha.

Safu hii haipingi utabiri. Mfanyabiashara anayeagiza shehena leo ili aiuze baada ya miezi mitatu anatabiri, apende asipende. Mwenye hisa anayesubiri gawio naye anatabiri. Tunachopinga ni utabiri unaochapishwa Januari na kusahauliwa Machi. Utabiri ukishatolewa hadharani ni deni, na mdaiwa ni aliyeutoa.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa bei yake humfikia kila mtu kupitia nauli na usafirishaji. Mapema mwaka 1999 pipa liliuzwa kwa takriban dola 10 za Kimarekani. Machi mwaka huo gazeti la The Economist la London likaeleza kwamba dunia imejaa mafuta, na kwamba bei ingeweza kushuka hadi dola 5. Mwezi huo huo nchi za OPEC na wenzao zikakubaliana kupunguza uzalishaji. Mwaka ulipokwisha pipa lilikuwa limefika kiasi cha dola 25. Hapana shaka lilikuwa kosa kubwa. Lakini Desemba gazeti hilo lilirudi kwa wasomaji wake na kukiri kwamba lilikosea. Kwa maoni yetu, makala ile ya Desemba ilikuwa na faida kuliko ile ya Machi, maana ilimwonyesha msomaji hesabu ilipoharibika.

Mwaka 2008 mambo yaligeuka. Mwezi Mei wachambuzi wa benki ya Goldman Sachs walisema mafuta yangeweza kufika kati ya dola 150 na 200 katika kipindi cha miezi 6 hadi 24. Julai 11 pipa lilipita dola 147, na wengi wakaamini. Kufikia Desemba lilikuwa limeporomoka chini ya dola 40. Aliyejaza maghala mwezi Julai kwa kuamini dola 200 alibaki na mzigo wa bei ya juu katika soko la bei ya chini.

Wawekezaji wadogo wadogo wana kisa cha karibu zaidi. Mwaka huo huo wa 2008 Serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, na wapo waliokopa benki ili wanunue. Mitaani ilisemwa kwamba bei itaongezeka mara dufu. Hisa hizo zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni zilipita shilingi 7. Mapema mwaka 2009 zilikuwa zimeshuka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 zilipita shilingi 40, na mwishoni mwa 2023 zikarudi chini ya 15.

Sasa tuulize, aliyesema zitaongezeka mara dufu alipatia au alikosea? Mwaka 2009 alikuwa mwongo, na mwaka 2021 alikuwa bingwa. Utabiri usio na tarehe hauwezi kushindwa, na kwa sababu hiyo hauna thamani kwa mtu mwenye mkopo wa miezi 12.

Miaka ya 2013 na 2014 ikaja biashara ya kware, huko huko Kenya. Mayai yalikuwa ghali, wafugaji wakamiminika, na leseni za kufuga ndege hao zikatafutwa kwa wingi. Haukupita muda mrefu bei ikaanguka. Kila mmoja alipiga hesabu kwa bei ya siku ile, na hakuna aliyehesabu mayai ya jirani yake.

Mwandishi wa safu hii naye hajitoi katika lawama. Mapema mwaka 2017, mahindi yalipokuwa ghali kutokana na ukame, nilimshauri jamaa yangu mwenye ghala asiuze kwanza, bei itapanda zaidi. Mwezi Juni Serikali ikazuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, mavuno mapya yakaingia sokoni, na bei ikaporomoka. Nilipoutazama tena ushauri wangu niliona haukuwa na bei, wala tarehe, wala neno lolote kuhusu lini auze iwapo mambo yatageuka. Mimi nilitoa maneno tu. Yeye alitoa mtaji.

Wataalamu wakubwa pia hawamo salama. Profesa Philip Tetlock wa Marekani alifuatilia utabiri wa wataalamu 284 kwa takriban miaka 20, akatoa matokeo mwaka 2005. Kwa wastani walizidi bahati nasibu kwa kiasi kidogo mno, na wale wenye majina makubwa hawakuwa ndio bora.

Kwa hiyo msomaji afanye nini? Kwanza, adai namba. Kusema mafuta yatapanda hakutoshi. Kusema bei kikomo ya petroli Dar es Salaam, itakayotangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi fulani, itazidi kiasi fulani, huo ni utabiri unaoweza kupimwa. Pili, adai tarehe. Tatu, adai sababu, na aulize ni jambo gani likitokea sababu hiyo itakufa: amri ya Serikali, mvua, au kikao cha wazalishaji. Nne, aulize mtabiri ananufaika na nini. Dalali anayelipwa kwa kila hisa inayouzwa si shahidi huru wa bei ya hisa hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Utabiri nao uwekewe daftari. Msomaji anunue daftari la kawaida, aandike nani kasema nini, lini, na kwa bei gani, kisha miezi ikipita aandike kilichotokea. Baada ya mwaka mmoja atajua wa kumsikiliza bila kuambiwa na mtu.

Nasi tunajifunga. Kila utabiri utakaochapwa katika safu hii utakuwa na namba na tarehe, na kila Desemba tutaupima mbele yenu, uliopatia na uliokosea. Tukishindwa kufanya hivyo, msomaji ana haki ya kutufungia daftari.