Shangazi, jino hilo si la fundi baiskeli!

Bila shaka meno yako yote yako mdomoni. Kama ndivyo, shukuru, maana wiki hii nina kisa cha jino na wala si utani.

Ilikuwa Aprili 2020. Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa nchini alikuwa ametangazwa Machi 16, na sisi pale Ifakara tulishajifunza misamiati mipya: barakoa, kitakasa mikono, level siti. Kila banda la chipsi lina ndoo ya maji na sabuni. Ikifika jioni mtaa mzima unanukia mchaichai na malimao, watu wamejigubika mablanketi wanajifukiza. Na masika juu yake, matope mpaka magotini.

Katikati ya hekaheka hiyo shangazi yangu akarudi kutoka Dar na karatasi. Alikuwa na kansa ya ulimi, na Ocean Road walishampa tarehe ya kuanza mionzi. Chini ya karatasi, kwa ule mwandiko wa kidaktari kama kuku kakanyaga wino, paliandikwa kwamba kabla ya mionzi akaonwe na daktari wa meno.

Mimi na ujuaji wangu nikajisemea, kansa na meno wapi na wapi?

Tukaenda sehemu moja ya tiba ya meno, jina nalihifadhi. Mlangoni dada mmoja akauliza shida ni nini. Shangazi akajibu, "Jino, mwanangu." Yule dada akatuambia kwa upole kwamba kwa wakati ule wanapokea dharura tu, turudi corona ikipungua. Tukageuza.

Simlaumu sana. Dunia nzima ilikuwa hivyo hivyo, na hata Shirika la Afya Duniani, Agosti 2020, lilishauri huduma za meno zisizo za lazima zisubiri pale maambukizi yalipopamba moto. Ile mashine ya kuchonga jino, inayolia ziiii mpaka unasikia kisogoni, inarusha mate hewani kama ukungu, na kirusi mwenyewe makazi yake ni humo. Ila yule dada alisikia "jino" tu. Hakusikia "mionzi". Na aliyekuwa na karatasi mkononi ni mimi, niko bize na simu.

Siku tisa zikapita. Jino likaanza kumliza shangazi usiku, shavu likavimba. Jirani yetu fundi baiskeli, mtu mwema kabisa, akajitolea: koleo analo, konyagi ya kusukutulia anayo, dakika mbili kazi imekwisha. Shangazi akaanza kulegea. "Baba, mwache anitoe, nimechoka."

Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikachukua karatasi, nikavaa barakoa, nikarudi kule peke yangu, na safari hii nikaomba daktari mwenyewe aisome. Akaisoma pale pale mlangoni. Akauliza, "Tarehe ya mionzi bado siku ngapi?" Nikamwambia kumi na nane. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Mlete kesho asubuhi. Awe wa kwanza."

Kisha akanipa somo ambalo sijalisahau. Mionzi ikipiga taya, mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa inapungua, na haipungui kwa wiki mbili tatu, ni maisha. Ukija kung'oa jino baadaye, kidonda kinaweza kugoma kufunga na mfupa ukaanza kufa, hata kama imepita miaka. Kwa hiyo jino bovu litoke mapema, kidonda kipate angalau wiki mbili za kupona, tatu ikiwezekana. Na kusogeza mbele mionzi ili kusubiri corona iishe? Akanitazama tu. Kansa haina likizo.

Nikamuuliza vipi kama shangazi angekuwa kwenye dawa za dripu za kansa. Akasema hapo angetaka kwanza kipimo cha damu, maana zile dawa zinashusha chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu na zile zinazogandisha damu. Fundi baiskeli na koleo lake angepima nini?

Kesho yake saa moja na nusu tukawa pale. Mimi nikaachwa nje chini ya mwembe. Madirisha wazi, feni imezimwa. Daktari kavaa barakoa nzito na kioo usoni, utadhani anakwenda kuchomelea geti. Shangazi akasukutua dawa kwanza ili kupunguza vijidudu mdomoni, akachomwa ganzi, na meno matatu yakatoka kwa koleo, bila ile mashine kuwashwa hata mara moja. Akashonwa nyuzi. Alipotoka, mgonjwa wa pili hakuingizwa mpaka chumba kimefutwa chote na hewa imepita.

Siku ya kumi na saba tulipanda basi la Dar kupitia Kidatu na Mikumi. Lami ya Ifakara ilikuwa bado haijakamilika, nawe fikiria hiyo masika. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri.

Mionzi alimaliza, ingawa ilimwachia zawadi yake: mate yamekauka. Mate ndiyo mlinzi wa meno, yakipungua meno yanaoza haraka. Sasa shangazi hatoki bila chupa ya maji, anapiga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, na kila akiingia kwa daktari yeyote wa meno anaanza na sentensi moja: "Mimi nilipigwa mionzi ya taya." Jina baadaye.

Tunagombana kwa jambo moja tu. Bonde la Kilombero ni la miwa, na yeye kakulia humo. Juzi nilimkuta kakaa kizingitini na kipande cha muwa mkononi, kisu pembeni. Nikamwamkia shikamoo, nikanyoosha mkono anipe.

"Marahaba," akasema, akakificha nyuma ya kanga.