Baraza ya Nyumbani: Zimwi la Hadithini na Bibi wa Jirani

Mwezi huu twataka kujibu swali ambalo wazazi wengi hutuuliza, wa Mwanza mjini na wa Magu, Sengerema na Ukerewe pia. Swali ni hili: Je, yafaa mzazi Mkristo kuwasimulia watoto wake hadithi za mazimwi na za fisi wasemao, au afadhali aziache kabisa, kwa kuwa ni mambo ya giza? Wengine huona kwamba hadithi hizo huwafundisha watoto hofu. Wengine husema kwamba nyumba isiyo na hadithi ni kama mboga isiyo na chumvi. Tutajibu kwa utaratibu, maana katika jambo hili mna furaha kubwa, na tena mna hatari kubwa. Yatupasa kuzitenga mbili hizi, kama mama atengavyo mtama na makapi katika ungo.

Kwanza, hadithi yenyewe si dhambi. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu wa Unguja, alizikusanya hadithi za Waswahili kutoka vinywani mwa watu, akazipiga chapa huko London mwaka 1870, wala hakuona haya. Na kwetu huku ziwani alikuwako Bwana Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma katika Seminari ya Rubya. Yeye aliona kwamba desturi na maneno ya wazee yanapotea, akaandika kwa Kikerewe habari ndefu za Myombekere na mkewe Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945, lakini haikupigwa chapa kwa miaka mingi. Mwisho aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee huyo akafariki. Basi, ikiwa watu wa namna hii walitumia nguvu zao kuyahifadhi masimulizi ya wazee, sisi tusiyatupe kama majivu.

Sasa na tuitazame hadithi moja ambayo kila mtoto wa Kisukuma hupaswa kuijua, hadithi ya Shing'weng'we. Wazee waliisimulia kwenye shikome, yaani moto wa jioni uani.

Hapo kale palikuwa na zimwi jina lake Shing'weng'we. Likawameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao, asisalie mtu, ila mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha ndani ya chungu ya makapi. Akazaa mwana, akamwita Masala Kulangwa, maana yake mwenye akili aelewaye upesi. Mtoto akakua, akauliza, “Mama, mbona tuko wawili tu? Watu wengine wako wapi?” Mama akamwambia habari yote. Tangu siku ile kijana hakutulia. Akatoka kulitafuta zimwi.

Siku ya kwanza akaua panzi, akarudi akiimba kwa shangwe kwamba amemwua Shing'weng'we. Mama akasema, “Mwanangu, huyu ni panzi tu. Tumkaange, tule.” Siku nyingine akaleta ndege, na siku nyingine akaleta paa, na kila mara mama akajibu vile vile, bila kumcheka wala kumvunja moyo. Mwisho akakutana na zimwi lenyewe, akapigana nalo, akaliua. Akalipasua mgongo kwa kisu, wakatoka baba yake na jamaa zake na watu wote, na ng'ombe na mbuzi na kuku.

Lakini katika kupasua, kwa bahati mbaya, kisu kilimkata bibi mmoja mzee sikio lake. Bibi akaghadhibika sana, akamtukana, hata akataka kumroga. Rafiki za kijana wakamlinda asipate madhara. Naye Masala Kulangwa alifanya nini? Alitafuta dawa, akalitibu lile sikio, bibi akapona. Ndipo watu wote wakamtawaza kijana kuwa ntemi wao.

Tazameni, wapenzi, utamu wa hadithi hii. Mtoto hucheka kwa ajili ya panzi, huogopa kwa ajili ya zimwi, na hufurahi watu wanapotoka. Tena hujifunza saburi ya mama, maana shujaa hakuzaliwa shujaa, alianza na panzi. Mtakaotaka kuona ulimwengu uliozaa hadithi hizi, nendeni Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilometa 20 kutoka Mwanza mjini, kwa njia ya Musoma. Hapo Padre David Clement, mtu wa Kanada, alisimamisha pamoja na wazee Makumbusho ya Wasukuma. Mna ngoma za watemi, vyombo vya nyumbani na zana za waganga. Ni safari ya siku moja, tena yafaa sana kwa watoto.

Pili, yatupasa kujua tofauti ya hadithi na ushahidi. Hadithi huulizwa, “Wafundisha nini?” Ushahidi huulizwa, “Nani aliona, na alama yake iko wapi?” Mtu akiyachanganya maswali haya mawili hupotea. Na mahali pazuri pa kujifunza tofauti hii ni katika miji ya kale ya pwani.

Tuseme mtu wa Mwanza anashuka kwa gari la moshi, kwa njia ya reli iliyofika hapa mwaka 1928, hata Dar es Salaam. Kisha anashika njia ya kusini mpaka Kilwa Masoko, na kuvuka kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani. Huko atasimuliwa hadithi tamu. Husemwa kwamba Ali bin Hasani alikuja kutoka Shirazi akakikuta kisiwa kina bwana wake. Akataka kukinunua, na bei ikawa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatandazwa pwani pande zote mpaka zikakutana, na yule bwana akazichukua, akahamia bara. Nani asiyependa kuisikia habari hiyo akiwa ameketi chini ya mnazi, na bahari i mbele yake?

Lakini mgeni huyo asimame pia mbele ya mawe. Ataona Msikiti Mkuu wenye kuba, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vema. Mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuupora. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba hapo wameona kwamba watu walikaa kisiwani tangu karne ya 9 hivi, wenye vyungu vyao na samaki wao, kabla ya majumba hayo makubwa. Na sarafu ya sultani yule imeonekana mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe Kuu, kwa sababu ya biashara ya dhahabu. Basi hadithi ya nguo yatuambia jinsi watu wa Kilwa walivyopenda kufikiri juu ya asili yao. Mawe na sarafu vyatuambia mambo yaliyotendeka. Vyote viwili vina thamani, kila kimoja mahali pake.

Tatu, sasa twafika penye hatari. Mwaka 1995 huko Pemba ulizuka uvumi wa kiumbe kiitwacho Popobawa, kiingiacho nyumbani usiku na kuwatenda watu mabaya vitandani. Uvumi ukavuka bahari mpaka Unguja. Watu wengi wakaacha kulala vyumbani. Wakalala nje makundi makundi, wakiota moto. Kama jambo lingalikomea hapo, tungalisema ni hofu ya usiku, na kukicha itakwisha. Walakini mjini Zanzibar, katika mji ule wenye milango ya nakshi ambao wageni huja kuutazama kutoka pande zote za dunia, umati ulimkamata mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, ukasema huyu ndiye Popobawa, ukampiga hata akafa. Hakuna aliyeuliza, “Nani aliona?” Kiumbe cha hadithi hakikufa usiku ule. Aliyekufa ni binadamu.

Tusiwanyoshee kidole watu wa visiwani, maana kwetu ni vibaya zaidi. Ninyi mwajua masimulizi ya nyumbani kwetu: ya kwamba mchawi hupanda fisi usiku na kupita mashambani, ya kwamba bundi akilia juu ya paa pana mtu amemtuma. Mtoto akiyasikia karibu na moto hujikunyata kwa babu yake, na ni raha ya namna yake. Lakini mtoto wa jirani akifa kwa homa, uvumi hutoka hadithini, huingia njiani, hutafuta nyumba ya kuingia. Nao huingia kwa bibi mjane, kwa sababu macho yake ni mekundu.

Hesabu zilizokusanywa nchini zilionyesha kwamba tangu mwaka 1970 hata mwaka 1984 waliuawa watu 3,693 kwa habari za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286 katika hao, na sehemu kubwa ya mauaji ilitendeka katika nchi ya Wasukuma, yaani Mwanza na Shinyanga. Wala mambo haya hayakukoma mwaka 1984.

Basi na tuulize swali la ushahidi: macho mekundu yatoka wapi? Huko Shinyanga miti mingi ilikatwa zamani ili kuwafukuza mbung'o, na mingine ikakatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba. Kuni zikaadimika. Wanawake wakapika kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka na kwa mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka 50, akiwapikia wanawe na wajukuu, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Wengine wana ugonjwa wa vikope, ambao dawa yake ipo hospitalini. Kwa hiyo wekundu ule si alama ya uchawi. Ni alama ya kazi. Ni hesabu ya vyungu vyote vya ugali alivyovisonga kwa ajili yetu. Tena wachunguzi wa mambo haya wameona kwamba mara nyingi nyuma ya uvumi pana shamba la mjane ambalo jamaa wanalitamani. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hili latujua sana, maana limo katika jamaa zetu wenyewe. Nalo limewala bibi zetu mpaka wakaisha.

Rudini sasa kwenye hadithi ya Shing'weng'we, muone hekima ya wazee waliotutangulia. Bibi wa hadithi alikuwa na hasira kweli, na kuroga alitaka kweli. Lakini hadithi haikusema kwamba kijana alimwua. Ilisema kwamba alimtafutia dawa. Wala watu hawakumtawaza mara tu alipoliua zimwi. Walimtawaza alipokwisha kumponya bibi. Asimuliaye hadithi hii na kuukata mwisho wake ameivunja hadithi.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili. Simulieni, tena simulieni kwa sauti za fisi na za zimwi, watoto wacheke. Hadithi ikiisha, waulizeni, “Imetufundisha nini?” Lakini mtu akija mlangoni na uvumi juu ya jirani, mwulizeni mbele ya watoto wenu, “Nani aliona, na alama yake iko wapi?” Watoto wakiyasikia maswali haya mawili kila mara, watakua wakijua kutenganisha.

Na tena iko kazi ya mikono. Nyumba ambayo mna mama au bibi apikaye, toboeni dirisha jikoni, au jengeni dohani ya kutolea moshi. Pandeni miti ya kuni, au tengeni ngitili, kama watu wa Shinyanga walivyofanya tangu mradi wa kuhifadhi ardhi ulipoanza kwao mwaka 1986, hata mahali palipoitwa jangwa pakarudi kuwa na kivuli. Bibi mwenye macho yanayouma apelekwe kwa mganga wa hospitali, asiachwe peke yake gizani. Mjukuu mmoja alale nyumbani kwake, amchotee maji, amsikilize. Kwa maana huyo ndiye mwenye hadithi nyingi kupita sisi sote, naye akiondoka, ataondoka nazo.