Kikulacho ki nyongani mwako

Mwezi wa Mei mwaka 2012, mwanamume wa miaka 55 alipelekwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Marburg, Ujerumani, moyo wake ukiwa hoi. Na si moyo pekee. Macho yalikuwa yamefifia hata akakaribia kuwa kipofu, masikio hayakusikia vizuri, homa ilimjia bila sababu na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ilikuwa imezembea kazini. Madaktari waliichunguza mishipa ya moyo wakaikuta safi. Sasa bwana huyu alikuwa akiugua nini?

Daktari Jürgen Schäfer alikuwa na desturi ya kuwafundisha wanafunzi wake kwa mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao House. Katika kipindi kimoja, mgonjwa wa kubuni anadhuriwa na madini ya kobalti kutoka kwa nyonga yake ya bandia. Msomaji, usimkemee tena mwanao kwa kutazama televisheni! Daktari alikumbuka, akauliza, na jibu likapatikana. Mgonjwa alikuwa na nyonga ya kauri iliyovunjika, na mwezi wa Novemba 2010 akawekewa nyingine yenye kichwa cha chuma. Vipande vya kauri vilivyosalia mwilini vikawa vinakisaga kichwa hicho kama tupa. Kobalti katika damu yake ilikuwa takriban mara 1,000 ya kawaida.

Nyonga ya bandia ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Mwenye kutembea huizungusha kiasi cha mara milioni moja kwa mwaka. Ikiwa tufe ni la chuma na kikombe pia ni cha chuma, basi kila hatua husaga chembechembe ndogo mno. Tena maji ya mwili yana chumvi. Wakazi wa Mombasa wanajua chumvi inavyoyafanyia mageti na mabati. Hata vyuma vigumu vya kobalti na kromiamu huliwa polepole, hasa pale kichwa kinapopachikwa kwenye mti wake. Chembe hizo huua nyama iliyo karibu na kuvimbisha kinena. Nyingine huingia katika damu na kusafiri.

Kwamba kobalti hudhuru moyo si habari mpya. Kati ya 1965 na 1966, walevi kadhaa wa bia mjini Quebec, Kanada, walikufa kwa maradhi ya moyo. Watengenezaji walikuwa wameitia bia kobalti ili povu lidumu. Povu tu, jamani.

Kashfa kubwa ya nyonga ilikuja Agosti 2010. Kampuni ya DePuy, iliyo chini ya Johnson & Johnson, iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR, za chuma juu ya chuma, baada ya wagonjwa kiasi cha 93,000 kuwekewa duniani. Takwimu za Uingereza zilionyesha kwamba katika miaka mitano, takriban watu 12 hadi 13 kati ya kila 100 walikuwa wamerudishwa kupasuliwa tena. Ni kwa sababu nchi kama Uingereza na Australia huandika kila nyonga katika daftari la taifa ndipo aibu hiyo ilipoonekana.

Nisikutie hofu bure. Nyonga nyingi za bandia huwa na kikombe cha plastiki ngumu na huwatumikia wenyewe miaka mingi bila taabu. Lakini mzee wako akianza kulalamikia kinena, au masikio yavume, au moyo uchoke ghafla, daktari wa moyo hataiona nyonga iliyofichwa chini ya suruali. Ni lazima aambiwe. Kobalti hupimwa katika damu, na wakuu wa dawa wa Uingereza walisema mwaka 2010 kwamba mwenye chuma juu ya chuma akizidi mikrogramu 7 kwa lita afuatiliwe kwa makini.

Yule bwana wa Marburg alibadilishiwa nyonga, akapewa ya kauri. Kobalti ikashuka na moyo ukapata nguvu. Macho na masikio hayakurejea sana.

Niliposoma kisa hicho nilimwendea shangazi yangu, Umoja, aliyewekewa nyonga miaka kadhaa iliyopita. Nikamuuliza ni ya aina gani.

"Ni ya daktari," akanijibu.

"Shangazi, lazima kuna karatasi."

Tulipekua sanduku, Biblia na mkoba wa kanisa. Karatasi tuliipata ndani ya mkebe wa Kimbo, pamoja na risiti za shule za binamu yangu ambaye sasa ana watoto watatu. Kikombe ni cha plastiki. Nikaiandika ile namba katika daftari langu, na mkewe binamu akaandika katika simu yake. Mguu ungali ukimuuma shangazi, lakini anaishi orofa ya nne na lifti hakuna.