Popo na Papa: Wanyama Wazaao Mmoja Mmoja



Labda utacheka ukisikia kwamba nataka kumlinganisha popo wa migunga na papa wa vilindi vya Bahari Hindi. Mmoja huning'inia mchana katika miti kama ewoi zetu za mto Turkwel. Mwingine hukaa mamia ya mita chini ya maji. Lakini katika jambo moja wanafanana: uzazi wao ni wa polepole.

Popo huyo ana mabawa ya manjano na masikio marefu. Dume na jike hukaa pamoja, na jike huzaa mtoto mmoja tu, mvua ndefu zinapoanza. Papa naye, ambaye wataalamu humwita Centrophorus, huzaa mmoja au wawili, baada ya mimba ya karibu miaka 2.

Wewe uliyefuga walijua jambo hili. Ukame ukipita, mbuzi hujaza zizi upesi. Lakini ngamia hubeba mimba karibu miezi 13, na kundi lake hurudi baada ya miaka mingi. Popo na papa wako upande wa ngamia.

Huko visiwa vya Maldives watu walianza kumvua papa huyo mwaka 1980 kwa ajili ya mafuta ya ini lake. Fedha zilikuja haraka, lakini muda si mrefu papa wakaadimika na kazi ikafa. Mwaka 2010 serikali yao ilipiga marufuku uvuvi wa papa wote.

Basi yasitupate hayo. Popo huyu hali mtama wala mahindi. Usiku hukamata nondo, mbawakawa na kumbikumbi. Ni kibarua asiyedai mshahara. Tukikata mti alalapo, tumemfukuza.

Najua gunia la makaa huleta unga leo. Lakini ewoi hiyo hiyo huwapa mbuzi maganda wakati wa kiangazi, na wazee hawakuweka desturi ya ekwar bure, kila jamaa kutunza miti yake ya mtoni. Ukihitaji kuni, chukua matawi makavu, uache shina. Wakataze watoto kumpiga popo mawe, wala wasimshike kwa mkono, maana popo aweza kuwa na ugonjwa.

Kinachozaa mmoja mmoja hakifai kumalizwa kumi kumi. Ewoi zilizo kando ya shamba lako ziache zisimame.