Ushujaa wa Collé katika Filamu ya Moolaadé

Filamu ya Moolaadé (2004) ya Msenegali Ousmane Sembène huelezwa mara nyingi kuwa ni mgogoro baina ya mila na usasa. Maelezo hayo hayatoshi. Collé, ambaye alikwisha kukataa bintiye asikeketwe, anawahifadhi wasichana wanne waliokimbia kisu. Silaha yake ni kamba aliyoifunga mlangoni. Kamba hiyo ni alama ya moolaadé, yaani hifadhi ya kimila ambayo hakuna athubutuye kuivunja, na ambayo aliyeiweka ndiye pekee awezaye kuitangua kwa kutamka neno. Kwa hiyo Collé anaipinga mila kwa mila. Wazee wanaochoma redio za wanawake wanamtafuta adui mahali asipo.

Hapa dhamira ya kijamii na ushujaa havitenganiki, na mhakiki anayeiona filamu hii kuwa somo la afya tu (kosa jepesi, kwa kuwa mada yenyewe inashawishi) huupoteza utamu wake. Fumo Liyongo wa tendi za Kiswahili husifiwa kwa nguvu za mwili na shabaha ya mshale. Collé husifika kwa kunyamaza: mumewe anamchapa viboko hadharani ili alitamke neno, naye halitamki.

Udhaifu uko kwa mchuuzi anayekizuia kiboko hicho. Anauawa kwa ajili ya tendo hilo, lakini Sembène anakipitia kifo chake haraka mno, kana kwamba shujaa wa pili angemzidi wa kwanza.