Chai Yavuka Mpaka, Mchumaji Je?



Tangu turudi kutoka Kericho tumesikia maneno mengi. Katika mkutano wa tawi hapa Kampala ndugu mmoja alisimama mbele ya wote akauliza: "Ada zetu ndizo zilizonunua mafuta ya gari ili viongozi wakatembee Kenya?" Wengine wakampigia makofi. Hatukukasirika. Fedha ni za wanachama, na mwenye fedha ana haki ya kuuliza. Lakini siku ile mvua ilikuwa inapiga mabati, na jibu letu halikusikika hata kwa waliokaa mstari wa mbele. Kwa hiyo twajibu hapa, na twajibu waziwazi: tulikwenda, twataka kwenda tena, na safari ijayo twataka waende wachuma chai na wakata miwa wenyewe.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini Kericho. Chai inayochumwa Kyenjojo, Bushenyi na Mityana hupakiwa katika malori, hupita Malaba au Busia, na nyingi huuzwa katika mnada wa Mombasa. Chai ya Kericho nayo huuzwa huko huko. Mnunuzi mmoja aonja kikombe cha chai yetu na kikombe cha chai yao katika meza moja. Basi mchumaji wa Uganda akiomba nyongeza, huambiwa: "Bei ya Mombasa imeshuka." Mchumaji wa Kericho akiomba, naye huambiwa: "Bei ya Mombasa imeshuka, na tena Waganda wanauza rahisi." Sisi huambiwa kwamba Wakenya wanazalisha nyingi mno. Kila mmoja husikia maneno haya peke yake, upande wake, na huyaamini.

Wakata miwa nao wasidhani jambo hili haliwahusu. Shirika la Sarrai, lenye kiwanda cha sukari cha Kinyara huku kwetu Masindi, lilipewa mwaka 2021 kukodi kiwanda cha Mumias kule Kenya. Hatusemi ni kosa. Twasema tu kwamba mwenye kiwanda amekwisha vuka mpaka zamani, na hesabu za pande zote mbili zi katika daftari lake. Sisi twabishana juu ya mafuta ya gari.

Sasa safari yenyewe. Tulikuwa watu kumi na wawili na dereva, katika taksi ya kukodi. Tuliondoka Kampala saa kumi alfajiri ili kukwepa msongamano wa Mukono. Tulipita Lugazi penye miwa, tukapita msitu wa Mabira kukiwa bado giza, na jua lilitukuta Jinja juu ya daraja jipya la Nili, lile lililofunguliwa Oktoba 2018. Zamani magari yote yalipita juu ya bwawa la Owen Falls. Baada ya hapo ni Kakira, miwa tena mpaka macho yachoke, halafu Iganga na Bugiri, na kabla ya saa nne tulikuwa Busia. Mwendo wote ni kama kilomita mia mbili. Wengi kati yetu hawakuwa wamefika mpakani hata siku moja, ingawa wamepakia malori ya kwenda huko kwa miaka ishirini.

Busia ndiko lilikozaliwa neno boda boda. Vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwabeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, kwa kuwa vituo vya nchi mbili vilikuwa mbalimbali. Siku hizi maofisa wa Uganda na wa Kenya wamo katika jengo moja, utaratibu uliozinduliwa rasmi Februari 2018. Anayetoka Uganda hasimami tena upande wa Uganda. Huenda moja kwa moja upande wa Kenya, agongewe kutoka katika dirisha moja na kuingia katika dirisha la pili. Na tangu 2014 raia wa Uganda aweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Twayaandika haya kwa kirefu kwa sababu tuligundua kwamba nusu ya wanachama wetu hawayajui. Bado wanaamini kwamba kwenda Kenya ni jambo la wenye pasipoti na wenye mjomba serikalini.

Lakini na sisi tuliojifanya wajuzi tuliaibika. Ofisa akauliza, "Kadi ya njano iko wapi?" Watu wote kumi na watatu tukatoa kadi za chanjo ya homa ya manjano, dereva akiinua yake juu kuliko wote. Ofisa akacheka hata akaweka kalamu chini. Alikuwa anataka kadi ya njano ya gari, yaani bima ya COMESA, ambayo gari hupaswa kuwa nayo likivuka. Hatukuwa nayo. Tulikaa juani saa tatu mpaka ilipopatikana, na fedha tulizotenga kwa chakula cha mchana zikaishia hapo. Kosa hilo ni letu. Limo katika hesabu tuliyobandika ukutani, na hatukulificha.

La pili halikuwa la kuchekesha. Ndugu mmoja alikuwa amepoteza kitambulisho, na alikuja na barua ya polisi tu, akitumaini kwamba ingetosha. Haikutosha. Vijana wa pikipiki wakamzunguka: "Mzee, njia ya panya ipo, dakika tano tu." Naye alikuwa tayari. Tukamkataza. Tulichanga nauli akarudi Kampala kwa basi, na mpaka leo hatusemeshi vizuri. Kuna waliosema tulikuwa wakali mno kwa mwenzetu. Huenda. Lakini tufikirini pamoja.

Kila siku watu wetu hupita njia hizo kwenda kutafuta vibarua upande wa pili, na wao huja kwetu vivyo hivyo. Mama mmoja aliyetukuta pale mpakani alitusimulia kwamba alipalilia shamba la mtu huko ng'ambo kwa miezi minne. Alilipwa miwili. Alipodai iliyobaki, mwenye shamba akamwuliza swali moja tu: "Uliingia kwa mlango gani?" Mama akafunga mzigo wake usiku. Mwajiri wa namna hiyo hahitaji askari wala mwanasheria. Anahitaji mfanyakazi aliyeingia kwa kujificha. Na mfanyakazi huyo akikubali nusu ya ujira, mwenyeji wa pale naye huambiwa achukue nusu au aondoke, halafu mwenyeji humchukia mgeni badala ya kumwuliza mwenye shamba. Ndiyo maana hatukutaka safari ya chama cha wafanyakazi ipite katika vichaka. Na tena isisahauliwe: muhuri wa mgeni si ruhusa ya kazi. Anayekwenda kuajiriwa ahitaji kibali, na tuwaambie vijana wetu kabla hawajauza mbuzi ili wapate nauli.

Tulilala Kisumu, tukaingia Kericho asubuhi. Wenyeji wetu, wajumbe wa chama cha wafanyakazi wa mashambani cha Kenya, KPAWU, walitupokea katika nyumba za kambi, sio hotelini. Hapo ndipo Kiswahili kilipotusaidia. Sisi wa Kampala tumezoea kukiogopa, kwa sababu wazee wetu walikisikia vinywani mwa askari na wanyang'anyi. Kule tulikuwa Waganda, Wasoga, Wanyoro na Wateso mbele ya Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya, na hakuna lugha nyingine ambayo ingetukalisha katika chumba kimoja.

Tuliona nini? Tuliona kijitabu cha mapatano kati ya chama na waajiri, kimekunjwakunjwa na kuingia madoa ya chai, mfukoni mwa mjumbe wa shambani. Alipoulizwa juu ya likizo alifungua ukurasa. Alipoulizwa juu ya nyumba alifungua ukurasa mwingine. Sisi pia tuna mapatano, na chama chetu cha mashambani, NUPAWU, kimeyapigania. Lakini ni wajumbe wangapi huku kwetu wamepata kuyashika mkononi? Mengi yamo katika kabati la katibu.

Wao nao walishangaa. Walituuliza kima cha chini cha mshahara Uganda ni kiasi gani. Tukatazamana. Tukawaambia ukweli: kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na mwaka 1987 fedha ilipobadilishwa sifuri mbili ziliondolewa. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Mmoja wao alidhani twatania. Kenya serikali hutoa amri ya mishahara, na mwezi Novemba 2024 viwango vilipandishwa kwa asilimia 6. Si kitu kikubwa, wao wenyewe walilalamika. Lakini waajiri wetu watasemaje kwamba jambo haliwezekani, ikiwa lawezekana saa chache kutoka hapa kwa taksi?

Hatutaki kuwadanganya kwamba kule ni peponi. Tuliona mashine za kuchumia chai. Watu wachache wakisukuma mashine moja humaliza mistari ambayo zamani ilikuwa na kundi zima la akina mama na vikapu. Mei 2023 hasira ilipanda, na mashine kadhaa zikachomwa moto Kericho. Tuliwauliza ilisaidia nini. Mzee mmoja akajibu polepole kwamba mashine zilizoungua zilikuwa na bima, wachumaji waliopunguzwa hawakuwa nayo. Mashine hizo zipo pia katika mashamba ya Uganda, na zitazidi. Wenzetu wametutangulia katika msiba huu, nasi tungekuwa wapumbavu kungoja mpaka utufikie ndipo tuulize walifanya nini, walikosea wapi, na kifungu gani cha mapatano kilipungua.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kazi ya wakubwa wa Arusha, maana vyama vyetu vina shirikisho lake la Afrika Mashariki, EATUC. Ni kweli. Mkataba wa Soko la Pamoja, ulioanza kutumika Julai 2010, una kifungu cha 10 juu ya wafanyakazi. Chasema kwamba mfanyakazi aliye katika nchi mwanachama nyingine ana haki ya kujiunga na chama na kujadiliana na mwajiri, na haki ya hifadhi ya jamii kama mwenyeji. Maneno mazuri. Ila orodha za kazi zilizofunguliwa na serikali zaelekea zaidi kwa wenye shahada na vyeti, na mkata miwa ajitafute. Karatasi ya Arusha haitashuka shambani kwa miguu yake.

Isitoshe, zamani wenzetu ndio waliokuja kwetu. Chuo cha wafanyakazi cha ICFTU kilifunguliwa hapa Kampala mwaka 1958, na viongozi wa vyama kutoka nchi nyingi za Afrika walisoma humo. Hakuna aliyewaita watalii.

Tena kuna deni. Tulipokuwa tunarudi, karibu na Ugunja, tulipelekwa kwa mzee mmoja Mjaluo aliyepita miaka themanini. Alifanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda kimoja Jinja. Mwaka 1970 serikali ya Obote ilitoa amri kwamba kazi zisizo za ujuzi ziwe za Waganda tu, na Wakenya wanaokadiriwa kuwa 30,000 wakaondoka. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Mzee alisema alipewa siku chache, akauza kitanda, akapanda treni na mke na watoto watatu. Tulimwuliza wenzake Waganda walisema nini. Akasema: "Wengine walilia. Wengine walikuja kuuliza nyumba yangu inabaki na nani." Halafu akaingia ndani, akakawia, akatoka na kadi yake ya chama imefungwa katika karatasi ya nailoni, pamoja na stakabadhi za akiba aliyokatwa kila mwezi. Akatuuliza kama bado zina thamani.

Katika gari hakuna aliyesema neno mpaka Bumala.

Basi hivi ndivyo tunavyopendekeza kwa mkutano ujao wa tawi. Kila shamba na kila kiwanda kichague mtu mmoja, na angalau nusu wawe wanawake, kwa kuwa ndio wachumaji. Wawe na vitambulisho mkononi kabla ya jina kuandikwa. Aliyepoteza aanze sasa kwenda NIRA, asingoje wiki ya safari. Gari liwe na kadi zote mbili za njano. Wenzetu wa Kericho nao wamesema wako tayari kuja Mityana baada ya msimu wa mvua, na twaomba wanachama wa huko wawalaze majumbani mwao kama sisi tulivyolazwa. Juu ya ada, tawi lipige kura. Likikataa, tutachanga wenyewe kama tulivyomchangia yule ndugu aliyerudi kutoka Busia, ambaye jina lake twapenda liwe la kwanza katika orodha.

Namba za kadi na stakabadhi za mzee tulizinakili. Tumeandika barua kwa mfuko unaohusika, na nakala iko ofisini kwa yeyote atakaye kuisoma. Hatujajibiwa.