Ufunguo wa ghala

Wengine hunena: «Mgeni akinunua ghala la gesi au mtambo wa umeme, kuna ubaya gani? Hata Yosefu alikuwa mgeni Misri.» Kweli. Lakini Farao hakumwuzia Yosefu maghala. Alimpa kazi ya kuyalinda.

Tazameni Ujerumani. Ghala lake la gesi lililo kubwa kuliko yote, kule Rehden, lilikuwa mikononi mwa Gazprom, kampuni ya serikali ya Urusi. Mwaka 2021 baridi ilikaribia, ghala halikujazwa. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraina. Aprili ndipo Wajerumani wakaliweka ghala chini ya usimamizi wa serikali. Walichelewa!

Nasi wenye maporomoko ya Inga, tuwapokee wageni wenye feza na ufundi. Lakini ufunguo ubaki nyumbani.